Shamba la Anathothi: Tumaini la Mkristo Aliye Mbali na Kwao

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, Saint Paul, Minnesota)

 

Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kukutana tena. Wapo kati yetu waliovuka bahari kutoka Iringa na Dar es Salaam, wapo walioendesha gari usiku kucha kutoka majimbo mengine, na wapo waliotoka kazini alfajiri ya leo, baada ya kuwageuza na kuwaosha wazee wa watu wengine usiku mzima, wakaja moja kwa moja bila kupitia kitandani. Wote tunawaambia ahsanteni na karibuni.

Kamati imeniagiza niseme juu ya tumaini. Ningeweza kuchagua njia rahisi, nikasema maneno matamu ambayo kila mtu angeyaitikia kwa “Amina”, kisha tukaenda kula. Lakini vijana wetu wameuliza swali, na swali hilo limo katika kila nyumba ya ukoo huu tangu tulipomsindikiza dada yetu kurudi nyumbani ndani ya jeneza. Wanauliza hivi: Kwa miaka miwili tulimwombea. Tulifunga. Kila Jumapili saa mbili usiku hapa, ambayo ni alfajiri ya Jumatatu kule Iringa, tulikutana kwenye simu tukamlilia Mungu kwa sauti moja. Mbona hakupona? Na kama hakupona, tunaendelea kutumaini nini?

Ndugu zangu, swali hili halistahili kukemewa. Wala halistahili kujibiwa kwa mstari mmoja wa kalenda ya ukutani. Anayeuliza hivyo hajaiacha imani. Ameichukulia kwa uzito. Kwa hiyo naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo, kwa watu wengine waliokuwa ugenini.

Mnamo mwaka 597 kabla ya Kristo, mfalme wa Babeli aliwachukua watu wa Yerusalemu mateka, mafundi na wakuu pamoja na jamaa zao, akawapeleka nchi ya mbali. Watu hao walikuwa na swali moja tu: tutarudi lini? Wakapatikana watu wawili wa kulijibu. Wa kwanza aliitwa Hanania, na habari zake zimo katika sura ya 28 ya kitabu cha Yeremia. Hanania alisema kwamba baada ya miaka miwili kila kitu kitarudi, watu kwa vyombo. Bila shaka alishangiliwa. Hata Yeremia mwenyewe aliitikia “Amina” aliposikia, kwa maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini kutamani ni kitu kimoja na neno la Mungu ni kitu kingine. Katika barua aliyowaandikia wale mateka, iliyo katika sura ya 29, Yeremia aliwaambia kwamba muda wenyewe ni miaka 70. Basi wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, tena wauombee amani ule mji waliopelekwa.

Hebu tuipime hesabu hiyo. Mtu mwenye umri wa miaka 30 aliyeisikia barua ile alielewa papo hapo kwamba hatarudi. Atakayerudi, huenda, ni mjukuu wake. Na ni ndani ya barua hiyo hiyo, si kwingine, yamo yale maneno tunayoandikiana kwenye kadi za harusi na za kumaliza shule, kwamba Mungu anayajua mawazo anayotuwazia na kwamba ni mawazo ya amani, ya kutupatia tumaini siku za mwisho. Tumezoea kuyasoma kana kwamba waliandikiwa watu ambao mambo yao yangenyooka mwezi ujao. La hasha. Waliandikiwa watu walioambiwa kwanza ukweli mchungu.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya matarajio na tumaini. Matarajio yana tarehe. Mtu husema: mwaka huu makaratasi yatatoka, mwakani nitajenga, mwaka wa tatu nitarudi. Si dhambi kuwa na matarajio. Yeremia naye aliitikia “Amina”. Lakini matarajio hufa tarehe yake inapopita, na mtu aliyeyaita matarajio yake imani hudhani kwamba Mungu naye amekufa siku hiyo. Tumaini la Kikristo halikujengwa juu ya tarehe. Limejengwa juu ya Yeye aliyesema, na ndiyo maana linaweza kuishi baada ya tarehe kupita.

Mtaniuliza: je, tumaini la namna hiyo si njia ya kujifariji tu, la mtu akaaye akikunja mikono? Yeremia anatujibu kwa tendo, na tendo lenyewe watu wa ukoo huu mtalielewa kuliko watu wengine wote, kwa sababu ni habari ya kuuziana shamba.

Ilikuwa karibu mwaka 587 kabla ya Kristo. Majeshi ya Babeli yameuzingira Yerusalemu. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, kwa amri ya mfalme Sedekia. Ndipo akaja binamu yake, Hanameli, mwana wa ami yake, akamwambia: ninunulie shamba langu lililoko Anathothi, maana haki ya kulikomboa ni yako. Naona mnacheka; jamaa wa namna hiyo tunao. Adui amekwisha kuishika nchi, shamba halilimiki, pengine tayari limekanyagwa na farasi wa kigeni, na ndugu anakuja gerezani kuliuza! Mtu yeyote mwenye akili za biashara angemfukuza.

Yeremia alilinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi hati mbele ya mashahidi, akaipiga muhuri, akampa Baruku mwandishi wake, akamwagiza aitie katika chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Kwa nini? Kwa sababu Mungu amesema kwamba katika nchi hiyo watu watanunua tena nyumba na mashamba na mizabibu. Baada ya hapo mji ukaanguka. Yeremia hakulima shamba lile. Maandiko yanatuambia kwamba mwishoni alichukuliwa kwenda Misri, na hatusomi popote kwamba alirudi. Lakini hati ilibaki ndani ya mtungi, ikimngojea mtu mwingine.

Ndugu zangu, hilo ndilo tumaini ninalotaka kulisema leo. Kumtumaini Mungu ni kutia sahihi hati ya shamba ambalo pengine hutalilima wewe. Wala huku si kukunja mikono. Ni kulipa kwa fedha halali, mbele ya mashahidi, siku ambayo kila dalili inakwenda kinyume.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yaliishia katika Biblia. Sisi tuliozaliwa katika makanisa ya Kilutheri ya Tanzania ni matunda ya shamba la namna hiyo. Wamisionari wa Berlin walifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na baadaye kazi yao ikaenea Ubena na Uhehe. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Wajerumani hao waliondolewa katika vituo vyao na Waingereza, wakafungwa kama raia wa nchi adui, kisha wakarudishwa kwao. Sharika nyingi zikabaki bila mchungaji. Sakramenti zikakosa wa kuzitoa, shule zikakosa fedha, na hakuna aliyejua kama wale walioondoka watarudi au la.

Waliobaki walikuwa walimu na wainjilisti wazalendo, wengi wao wakiwa na elimu ndogo tu ya darasani. Kule Bukoba, miongoni mwao alikuwamo mwalimu Andrea Kajerero. Sehemu nyingine majina yao yamehifadhiwa na jamaa zao tu. Bila shaka waliomba walezi wao warudishwe upesi, na ombi hilo halikujibiwa upesi, maana Wajerumani walianza kuruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Lakini tazameni kilichotokea wakati wa kungoja. Walifundisha watoto kusoma. Walizika wafu wao. Walikusanyika Jumapili, mwenye kitabu akawasomea wasio nacho. Vita ya pili ilipozuka mwaka 1939 na Wajerumani wakaondolewa tena, safari hii hawakuwakuta watu wale wale. Waliwakuta watu waliokwisha kujua kwamba Kanisa haliendi na mmisionari akiondoka.

Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na mkuu wake wa kwanza akawa Stefano Moshi, mtu wa Kilimanjaro. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri la Dunia lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Toka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza hadi siku hiyo haikutimia miaka 60. Wale wainjilisti wa zamani waliomba wachungaji warudi. Mungu akawafanya wao na wana wao kuwa wachungaji. Wengi wao hawakuishi kuyaona hayo. Hati ilikuwa mtungini.

Sasa niwarudishe hapa tulipo, maana mji huu nao una sehemu katika habari hii. Upande wa mashariki wa Saint Paul, kando ya kijito cha Phalen, kuna bonde linaloitwa Swede Hollow, yaani bonde la Waswidi. Leo ni bustani ya kutembelea. Lakini katika karne ya 19 lilikuwa kao la wahamiaji maskini kutoka Uswidi, walioishi katika vibanda visivyo na mabomba ya maji, katika baridi hii hii mnayoijua. Waliondoka Waswidi wakaja Waitalia, wakaja Wameksiko, hata mwezi Desemba mwaka 1956 mji ukaviteketeza vibanda vilivyosalia. Wenyeji wa siku zile waliwaona watu wa bonde lile kama baadhi ya watu wanavyotuona sisi leo.

Lakini wahamiaji wa Kiswidi walikuwa wamekwisha kuanzisha usharika wao wa Kilutheri hapa Saint Paul tangu mwaka 1854. Mwaka 1860 wenzao waliotawanyika katika majimbo ya sehemu hii ya Marekani wakaunda Kanisa la Augustana, ambalo baadaye lilikuwa na ofisi zake kuu Minneapolis, ng’ambo ya mto huu. Na ni Kanisa hilo, kanisa la wahamiaji, ambalo katika miaka ya 1920 lilituma watu Tanganyika kusaidia sharika zilizoachwa yatima, na ambalo wakati wa Vita ya Pili lilibeba tena mzigo huo pamoja na wengine. Mama wa Kiswidi aliyekuwa akifua nguo za watu, akatoa senti yake katika kapu la sadaka, hakujua Tanganyika iko wapi. Hakujua kwamba siku moja watu kutoka huko watakuja kuishi mitaa ile ile, nao wakifanya kazi za mikono yao, wakitafuta mahali pa kuabudu.

Tangu miaka ya 1980 sharika za Kilutheri za eneo hili la Saint Paul zimekuwa na undugu na Dayosisi ya Iringa, undugu ulioitwa kwa jina la Kiswahili: Bega kwa Bega. Usharika wa hapa umefungamana na usharika wa kule. Wanaombeana, wanatembeleana, wanasaidiana katika elimu, afya na maji. Chuo cha Kilutheri kilichoanza Iringa katika miaka ya 1990, kabla hakijaitwa Chuo Kikuu cha Iringa mwaka 2013, kilikuwa sehemu ya chuo kikuu kilichopewa jina la Tumaini. Nami napenda kudhani kwamba jina hilo halikuchaguliwa na watu waliokuwa na kila kitu tayari.

Na leo Kanisa lile lililokuwa yatima lina waumini wengi kuliko kanisa la Kilutheri la huku lililomlea. Hakuna mtu wa mwaka 1917 ambaye angethubutu hata kuliota jambo hilo.

Basi nirudi kwenye swali la vijana. Tulimwombea dada yetu, mbona hakupona?

Sijui jibu la “mbona”, na mtu akija kwenu akidai analijua, akasema kwamba tulipungukiwa imani au kwamba tulikosea namna ya kufunga, msimsikilize, hata akiwa na suti nzuri. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule katika bustani ya Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee. Hakikuondoka. Nani atasema kwamba Yesu alipungukiwa imani? Na pale kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua atakalolitenda, alilia machozi. Kwa hiyo kulia si kinyume cha tumaini. Anayemkataza mfiwa kulia kwa jina la imani anamkataza jambo ambalo Bwana alilifanya.

Ninachokijua ni hiki. Katika Gethsemane, kabla na baada ya jibu ambalo halikuja, Yesu aliendelea kumwita Mungu “Baba”. Huko ndiko kutumaini. Na siku ya tatu Baba alijibu ombi lililo kubwa kuliko lile la kuepushwa na kikombe. Sisi tunaomzika dada yetu katika udongo wa Iringa tumeiweka hati katika mtungi wa udongo. Mwenye shamba ni Yeye aliyefufuka, naye anajua mtungi uko wapi.

Tena tusisahau jinsi dada huyo alivyoishi miaka ile miwili. Alipokuwa na nguvu za kukaa, aliwafundisha watoto wa nyumba mbili Kiswahili, kila Jumamosi, akiwa na kilemba kichwani kwa sababu dawa zilikuwa zimemnyonyoa nywele. Alikuwa akijua hesabu ya siku zake kuliko sisi tuliokuwa tukimwambia kwamba kufikia Pasaka atakuwa mzima. Watoto wale wamesoma Neno mbele yenu asubuhi ya leo. Je, huku si kununua shamba?

Ndugu Mwenyekiti, maneno bila matendo ni ngoma tupu. Kwa hiyo naomba niweke mbele ya mkutano mambo matatu.

La kwanza, tusiwe Hanania kwa wazazi wetu. Wapo wazee nyumbani ambao kwa miaka kumi na mitano wamekuwa wakiambiwa kwenye simu, “Mama, mwakani nakuja.” Mama hufuga kuku wa kumchinjia mwanawe, kuku huzeeka. Kama safari haiwezekani kwa sababu ya makaratasi au ya fedha, mzazi aambiwe ukweli, kisha aombewe na kusaidiwa ndani ya ukweli huo. Mzee wa Kihehe aliyeona njaa na vita hatavunjika kwa kusikia kweli. Linalomvunja ni tarehe inayopita kila mwaka.

La pili, mfuko wa ukoo. Tunajua kwamba safari ya mwisho ya dada yetu ilimaliza karibu akiba yote, na wapo wanaopendekeza tuufunge kila mtu ajitegemee. Nawaelewa, wamechoka. Lakini nawasihi kabla ya kupiga kura kesho wakumbuke zile shekeli 17. Siku ya kununua haikuwa siku ya neema. Ilikuwa siku ambayo mji umezingirwa. Tukiufunga mfuko kwa sababu umetumika kwa kazi iliyouanzisha, tutakuwa tumewaambia watoto wetu kwamba ukoo ni jambo la siku nzuri tu.

La tatu, ile sala ya simu ya Jumapili. Imenyamaza tangu mazishi. Iliitishwa kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa ametutangulia, basi watu wakaona imekwisha. Naomba irudi. Safari hii tusiwe na ombi moja lenye tarehe moja. Tuuombee mji huu amani, kama mateka wale walivyoagizwa, maana katika amani yake sisi nasi tutapata amani. Tuwaombee wenzetu wanaongoja majibu ya ofisi, na wale wanaolala mchana na kuamka usiku. Na wale walioacha kuomba kwa sababu ya uchungu wakaribishwe kuja kunyamaza tu pamoja nasi. Kunyamaza mbele za Mungu nako ni kukaa mbele zake.

Wahenga walisema, papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ukoo huu umetawanyika, lakini haujapotea. Mungu aliyewakumbuka watu wake Babeli, aliyewatunza yatima wa Uhehe na Buhaya, aliyewaona wahamiaji katika bonde la Swede Hollow, ndiye anayetujua kwa majina hapa na kule. Sisi tutie sahihi. Mavuno atayatunza Yeye kwa ajili ya wale watakaosimama mahali hapa tusipokuwapo.

Mungu Baba awabariki wazee wetu, awatie nguvu wafiwa, awaongoze vijana, na kuwalinda wote watakaosafiri.